Kuandikwa Mara Mbili

Mowlem, Nairobi
Jumamosi, 8 Februari 2025

Kaka yangu Abdifatah,

Hata kabla ya salamu nakuomba: lililomo humu lisitoke kwako. Usimsomee Nimco wa maziwa, usimsomee mtu yeyote hapo sokoni, na ukishamaliza ichome. Nilipoajiriwa nilikula kiapo kwamba ya ofisini yatabaki ofisini, na leo ndiyo mara ya kwanza kukivunja. Nimeandika mistari mitatu tu na tayari nimeinuka mara mbili kuangalia kama mlango umefungwa.

Assalamu alaikum. Hooyo hajambo, ila miguu inamvimba mama yetu akisimama sana. Bado anauza mashuka na mapazia pale Jericho, kibanda kilekile. Mwenye nyumba amepaka lango letu rangi ya kijani, kisha akapandisha kodi. Hooyo anasema tunalipia rangi. Mbaluka wa chumba cha pili, yule dereva, anakusalimu. Ndiye anayekuletea barua hii juu ya lori la mchele wa tajiri wake, na ndiye atakayerudi na jibu. Nilimwambia ni mambo ya ukoo. Akacheka, "Ukoo wenu una mambo mengi kuliko bunge."

Sasa nisikilize. Ofisini tumeletewa orodha ya watu waliozaliwa hapa Kenya lakini alama za vidole vyao zimo katika daftari la wakimbizi. Tumeambiwa tupokee maombi yao. Atakayethibitika atafutwa kule ili apate kitambulisho. Mwisho wa kupokea ni tarehe 21 Machi. Niliipitia ukurasa mmoja mmoja, nikijifanya natafuta mtu mwingine. Uko ukurasa wa tisa: jina lako, la Baba, la Babu, na mwaka ule wa ukame ambao Hooyo alitupeleka kwa mama mdogo karibu na kambi ili tupate kula. Ulikuwa na miaka tisa, wakakubonyeza vidole. Mimi nilikuwa na minne, vyangu vidogo havikutoa alama ya kusomeka, wakaniacha nicheze. Kila asubuhi nikikaa kwenye dirisha langu nakumbuka kwamba kati ya karani na mtu asiye na karatasi kulikuwa na miaka mitano tu.

Ulienda Garissa kumzika mama mdogo, safari ya siku tatu. Huu ni mwaka wa tatu. Pale darajani askari wanataka kipande, hicho kitambulisho, na wewe huna. Lakini ombi likikubaliwa, ofisi hutoa barua ya wito, na mwenye barua ya wito hupita. Kaka, ungeweza kuja nyumbani. Niandikie mstari mmoja tu wa kukubali, pamoja na majina ya shule ulizosoma na kazi unayofanya sasa. Hayo mengine niachie mimi.

Dada yako,
Sagal


Garissa
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa Mheshimiwa Karani, mlinzi wa wino na mihuri,

Waalaikum salaam, na mfungo mwema. Huku jua linafunga pamoja nasi ila lenyewe halichoki. Mwambie Hooyo ninakula vizuri. Nimco hunipimia maziwa ya ngamia kila jioni na hakubali kulipwa, eti mimi ni mwembamba kama antena. Mwambie Mbaluka asinipigie honi mbele ya msikiti, nilikaribia kuruka mtaro.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unanitaka niombe. Niombe nini, Sagal? Kwamba mimi ni mimi? Zamani za mkoloni wazee walivalishwa kipande shingoni ndani ya kibweta cha bati, wakalia kwa kuwa nacho. Leo sisi tunalia kwa kukikosa. Kilio kimegeuka, mwenye bati ni yuleyule. Dola kwangu ni mtu aliyekaa nyuma ya dirisha akikuuliza wewe ni nani, na yeye mwenyewe haulizwi na mtu. Usikasirike, sikusemi wewe. Wewe wamekupa kiti tu.

Umeuliza kazi yangu. Nafasiri maandishi ya watu walio mbali, wananilipa kwa bitkoini, sarafu ya mtandaoni, maana benki hainitaki na laini ya simu siwezi kusajili. Nimco naye hana kipande. Laini yake ilikuwa kwa jina la mpwa wake, na ndani yake kulikuwa na akiba ya miaka miwili ya maziwa. Siku moja ikazimwa kwa sababu haikuhakikiwa. Alipoenda kuuliza akaambiwa, "Aje mwenye jina." Mwenye jina yuko Afrika Kusini. Alikaa chini pale nje ya duka na kikapu chake kichwani, asikishushe.

Sarafu niliyomwonyesha haikumwuliza chochote. Haina makao makuu, haina mwenyekiti wala saa za kufunga. Mwenye maneno yake kumi na mawili ya siri, ndiyo ufunguo wake, ana pesa yake, awe waziri awe mbuzi. Si jambo geni. Baba alikuwa akituma pesa za vitambaa bila kuandika popote; alimwambia mtu, mtu akamwambia mtu, zikafika. Dola ilikuja baadaye ikasema hiyo ni hatia, kwa sababu yenyewe haikualikwa.

Sasa nikuchekeshe. Nimewafundisha wanawake thelathini na mmoja. Kila mmoja nilimwandikia maneno yake kwenye karatasi nikamwambia, "Hii usimpe mtu, hata mimi." Kesho yake wakaanza kuzirudisha. "Tuwekee wewe, mwanangu. Kwetu mbuzi hula karatasi." Ziko zote ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Nilikesha nikifikiria nicheke au nilie.

Kuja siji. Na tafadhali, abaayo, dada yangu, usiniandike popote. Nimeshaandikwa mara moja, imetosha.

Kaka yako,
Abdifatah


Mowlem
Jumatano, 19 Machi 2025

Kaka yangu,

Assalamu alaikum. Tumefika kumi la pili la mfungo salama. Hooyo anapika sambusa nyingi kuliko midomo tuliyo nayo, kisha anampelekea mke wa Mbaluka, ambaye ni Mkristo na hafungi, lakini saa ya kufuturu anakuwa wa kwanza kuonekana mlangoni. Wanapendana hawa wawili. Wanasemana siku nzima.

Kopo lako limeninyima raha. Unasema umeikimbia dola, na sasa wanawake thelathini na mmoja wamekufanya wewe dola yao, tena isiyo na karani wala nakala. Ukiugua? Nyumba ikiungua? Ofisi yetu ina makosa mengi, nayajua kuliko wewe, maana nayaona kutoka ndani. Mtu huja mara saba tunamwambia arudi kesho. Lakini ana mahali pa kurudi kesho. Aliyepoteza maneno yake kumi na mawili atarudi wapi?

Sasa nisamehe kwanza, halafu usome.

Hukunipa mstari wa kukubali. Niliusubiri mpaka Mbaluka aliporudi, nikaona umekataa, nikakaa na barua yako siku mbili. Kisha nikamwambia Hooyo. Alivaa baibui lake jeusi lile la harusi, akaniambia, "Twende kwa hao wazee."

Unajua ombi huanzia kwa wazee wa mtaa na chifu. Walikuwa wanne kwenye meza. Mmoja akamwuliza, "Mama, kwa hivyo ulidanganya serikali kwamba mtoto wako ni mkimbizi?"

Hooyo akamjibu, "Niliulizwa nina watoto wangapi, nikasema wawili. Nikapewa unga wa wawili. Wewe ungesema wangapi?"

"Lakini ulijua wewe ni Mkenya."

"Mimi nilijua. Unga haukujua."

Yule mzee wa pembeni aliangua kicheko kisha akajifanya anakohoa. Hooyo hakucheka. Miaka yote hii sijamsikia akiitaja ile kambi, na siku hiyo aliisema yote mbele ya watu wageni: jinsi mstari ulivyokuwa mrefu, jinsi ulivyolia walipokushika mkono kwa sababu uliona wino ukadhani ni dawa ya kidonda. Akaapa. Akaweka dole gumba.

Fomu nimeijaza mimi, ofisini, wakati wa chakula cha mchana ambacho sikuwa nakila. Nimeambatisha nakala ya kipande changu kuthibitisha kwamba tumezaliwa tumbo moja. Mwongozo unasema fomu yenye nafasi tupu irudishwe, kwa hivyo sikuacha nafasi. Bwana Nzomo, mkuu wetu, hunitania: "Sagal, wewe siku moja utajaza hata pale palipoandikwa 'kwa matumizi ya ofisi'." Nilikwama kwenye kisanduku cha kumi na moja, kinachouliza kazi. Kavinya wa dirisha la jirani akaniona. "Wee, andika biashara ndogo ukapumzike. Kenya nzima ni biashara ndogo." Mimi nikaandika nilichoona ni sahihi. Kavinya ndiye aliyeipokea na kuipiga muhuri, ili isisemwe nimejipokelea.

Nimekuandika, kaka. Ulisema nisikuandike. Najua.

Sagal


Garissa
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Sagal,

Salamu kwa Hooyo, na Idi njema iliyopita. Mwambie nguo alizotuma zimenitosha, isipokuwa suruali, labda anadhani nimenenepa kwa habari tu.

Nilikaa siku tatu nimekasirika. Nilikuandikia barua nyingine kabla ya hii, ndefu, nimeichana. Mbaluka aliisubiri akaondoka bila kitu, usimlaumu.

Kwamba Hooyo alisema maneno yale mbele ya watu. Mimi alikuwa haniambii. Nilipokataliwa kipande nikiwa na miaka kumi na minane alinipikia wali akasema, "Kula." Nilipokataliwa mara ya pili akanipikia tena. Nilidhani hajali. Wino naukumbuka. Ulikuwa baridi.

Bado nasema yale yale. Mtu hapaswi kuomba ruhusa ya kuwa amezaliwa, na pesa ya mwanamke haipaswi kulala ndani ya jina la mwanamume aliye Afrika Kusini. Hilo hutalitoa kichwani mwangu kwa fomu. Ila Nimco ananicheka kwa sababu nimenunua shati jeupe. Nilimwambia ni la Idi. Idi imepita karibu wiki mbili.

Hiyo barua ya wito huwa inachukua muda gani?

Na nijibu hili, hukuniambia: kisanduku cha kumi na moja uliandika nini?

Abdifatah


Mowlem
Jumamosi, 3 Mei 2025

Kaka yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Usiniulize kwa nini nimechelewa. Mvua ilikata barabara, lori la Mbaluka likalala njiani siku nne, na mimi nilikuwa nangoja nisiandike mpaka niwe na la kuandika. Sasa ninalo.

Umekubaliwa. Umefutwa kule. Niliona kwa macho yangu: neno "ondolewa" mbele ya jina lako, na sahihi tatu chini yake. Barua ya wito iko ndani ya bahasha hii, usiikunje zaidi ya nilivyoikunja. Unatakiwa kufika ofisini Jumanne tarehe 27 Mei, na vidole vyako kumi. Ukifika darajani waonyeshe upande wenye muhuri kwanza.

Hooyo nilimwambia akiwa kibandani. Alikuwa anampimia mteja pazia, akaendelea kupima mpaka akapita mwisho wa kitambaa, mkono ukapima hewa. Mteja akasema, "Mama, pazia limeisha." Sasa ameosha godoro lako, lote, kwa sabuni, na katika hali hii ya mvua halikauki. Tunaligeuza kila saa kama mgonjwa.

Kavinya anasema ukija dirishani atakuhudumia yeye, na kwamba kama una sura yangu basi Mungu akusaidie.

Kuna dogo moja, nakuambia tu kwa kuwa nimezoea kusema kila kitu. Faili yako iliazimwa wiki iliyopita na watu wa ofisi nyingine, siku mbili, kisha ikarudi. Nilimwuliza Bwana Nzomo, akasema faili huazimwa. Basi. Ni jambo la kawaida.

Vaa lile shati.

Sagal


Garissa
Jumanne, 20 Mei 2025

Sagal,

Hii naiandika kwa haraka, Mbaluka amewasha gari.

Jana walikuja watu wawili sokoni. Wapole, viatu safi. Mmoja alikuwa na nakala ya karatasi, akamsomea Nimco: "Mama, unamjua mtu ambaye huwawekea akiba ya sarafu za mtandaoni, kwa uaminifu, watu wasio na njia nyingine?"

Nimco akawaambia, "Mimi nawajua ngamia tu."

Walinunua maziwa, wakalipa, wakamwambia kuwawekea watu pesa bila leseni ni kosa kubwa, na watarudi. Alinisimulia neno kwa neno, ana kichwa kizuri. Nikamwambia arudie. Sagal, hapa Garissa hakuna mtu anayesema hivyo. Hapa wanasema "zile pesa za Abdi". "Kwa uaminifu, watu wasio na njia nyingine" ni maneno ya msichana aliyepata A ya Kiswahili na hajawahi kuacha nafasi tupu.

Nilikuuliza. Hukunijibu.

Sitaki uchanganyikiwe, kwa hivyo nasema wazi. Najua kwa nini uliandika. Ungeweza kuandika biashara ndogo. Ulitaka mtu huko juu asome ajue ndugu yako si mzururaji. Hooyo aliniandika kwa njaa, wewe umeniandika kwa fahari. Mmeniandika mara mbili, na mara zote mbili kwa kunipenda, na mimi ndiye ninayekimbia.

Sitakuja tarehe 27. Pale darajani watakuwa na jina langu, na barua ya wito ndiyo itakayowaonyesha. Ningetakiwa kuondoka jana usiku. Lakini kuna kopo. Nimerudisha karatasi ishirini na sita, mkono kwa mkono, nikimweleza kila mmoja jinsi ya kuhifadhi. Wanalia, wananiambia kaa nazo. Zimebaki tano, wenyewe wako mbali na barabara pamoja na mifugo. Nitawafuata. Ulisema wamenifanya dola yao. Basi dola hii haitaondoka na mali za watu.

Shati nilikuwa nimelipiga pasi, Sagal.

Usiandike mpaka nikuandikie.

A.


Tassia, Nairobi
Jumatano, 30 Julai 2025

Kaka yangu Abdifatah,

Hukuniandikia. Nimengoja siku sabini. Barua hii nimeiandika mara tatu kwa mkono, maneno yaleyale: moja anayo Mbaluka, moja anayo Nimco, ya tatu nimempa mfanyabiashara wa mashuka anayekwenda Kismayu. Wengine wanasema ulivuka mpaka na lori la mbuzi. Wengine wanasema ulichukuliwa njiani ukitoka kwa yule mwanamke wa mwisho, Bi Fadumo, karatasi yake ikiwa bado mfukoni mwako. Yeye anasema hukufika. Wale wanne walipata zao.

Assalamu alaikum, popote ulipo. Hooyo yuko hai. Anakula kidogo.

Uliuliza nikanyamaza, sasa najibu. Kisanduku cha kumi na moja niliandika vile vile Nimco alivyosikia. Nilijua nilipokuwa nikiandika kwamba biashara ndogo ingetosha. Kavinya aliniambia. Nilikataa kwa sababu wiki ile Bwana Nzomo alisema kuhusu watu wa orodha ile, akitania tu, "Hawa wote ni wa kukaa barazani," na mimi nikatabasamu pamoja na wengine. Nilitaka kurekebisha tabasamu langu kwa kalamu.

Hilo si baya kuliko yote. Baya zaidi hujui.

Tarehe 28 Mei, siku moja baada ya ile uliyotakiwa kufika, wale watu wawili walikuja ofisini kwetu. Walikuwa wapole kweli, kama ulivyosema. Waliniita chumba cha Bwana Nzomo. Kavinya alikuwa amekuja kuchukua mihuri, akabaki mlangoni. Mmoja akaweka nakala ya kipande changu mezani.

"Hiki ni chako?"

"Ndiyo."

"Na huyu Abdifatah Dubow ni nani wako?"

Kaka, nilitaka kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Nikaona picha yangu pale kwenye kipande, nikaona jinsi ilivyo ndogo, nikasema, "Simjui."

"Humjui?"

"Majina ya Dubow ni mengi."

"Lakini mama yako ameapa kuwa ni mwanawe. Kwa hivyo amedanganya?"

Nikasema, "Sijui."

Waliliandika. Nililiona likiandikwa, neno moja, na alama ya kituo. Kavinya alikuwa ananitazama. Yeye ambaye hana siku bila utani alichukua mihuri yake akatoka, akaufunga mlango polepole kama watu wanavyoufunga pale penye maiti.

Ombi lako lilisimama juu ya miguu miwili: kiapo cha Hooyo na kipande changu. Nilipoondoa wangu, wa Hooyo haukutosha. Wiki moja baadaye faili ilirudi mezani. Neno "ondolewa" limekatwa kwa mstari na juu yake kumeandikwa "rejeshwa". Umerudishwa kwenye daftari la wakimbizi. Kwa hivyo umeandikwa mara ya tatu, na mara hii haikuwa kwa kupenda. Ilikuwa kwa woga mtupu.

Nilikaa nalo siku kumi na moja. Nilikwenda kazini, nikapokea fomu za watu, nikawaambia warudi kesho. Kisha wale watu wakaja Mowlem, wakampekua Hooyo kabati, wakamwuliza kama anajua adhabu ya kiapo cha uongo. Niliporudi alikuwa amekaa juu ya lile godoro lako. Hakunilaumu. Alisema, "Wameniambia binti yangu amesema sina mwana." Nikamwambia ndiyo, nilisema. Akaniuliza kama nimekula.

Kesho yake niliingia kwa Bwana Nzomo. Nikamwambia nilidanganya, yule ni ndugu yangu, tumbo moja, na nataka kuandika hivyo. Akavua miwani. "Sagal, ukiandika hivyo kazi huna. Unajua?" Nikasema najua. Akanisukumia karatasi. Akaniangalia nikijaza, kila nafasi, akasema kwa upole, "Hata leo huachi pengo." Nilitia sahihi. Kipande nilikiweka juu ya karatasi ili wakipige nakala upya. Kavinya akaja akakishikilia kisiteleze.

Faili yako sasa imefunguliwa tena. Hakuna anayejua itaamuliwa lini wala na nani. Mimi si karani tena, siwezi kuchungulia.

Nimefikiria sana maneno yako ya dola. Kwenye mengi ulikuwa na haki na mimi nilikuwa na kiti. Lakini Mbaluka anasema Nimco ameshonea karatasi yake kwenye pindo la gauni, na akimwona anamwuliza, "Pesa hii nikitaka kuitoa, naenda wapi?" Mbaluka humjibu, "Mama, mimi ni wa lori tu." Naye hurudi kukaa. Anazo zote, hakuna mtu wa kumzimia, na hana wa kumwuliza. Nilitaka kuwaandikia jinsi ya kuzifungua, kisha nikakumbuka ulivyowaambia wasimpe mtu, nikaogopa kuwa huyo mtu. Ukiwa hai, warudie. Hilo ni lako.

Sikuombi unisamehe. Naomba uje, au utume neno, na hivi ndivyo utakavyotupata.

Mowlem tumehama. Usiende huko, na namba yangu ya zamani usiipige. Siku za juma tuko Jericho kibandani, lakini hapo macho ni mengi, kwa hivyo usije hapo pia. Njoo Tassia Jumapili, watu wakiwa makanisani. Ni ghorofa yenye duka la gesi chini na kinyozi pembeni. Usimwulize mlinzi, atakuandika kwenye kitabu cha wageni. Pita upande wa kinyozi, mlango wa nyuma haufungwi mchana. Panda mpaka sakafu ya nne, mkono wa kushoto, mlango wa mwisho.

Usibishe. Tangu siku ile, mlango ukibishwa Hooyo huzima redio akakaa kimya, nami pia, mpaka aliyebisha aondoke. Simama hapo ngazini useme tu "Hooyo", jinsi ulivyokuwa ukiita ukitoka shule. Jina lako usilitaje. Hatutakuuliza.

Dada yako wa tumbo moja,
Sagal